Kero sio hoja: namna ya kuunganisha vyama vya wafanyabiashara Moshi na Arusha mpaka msikilizwe

Kikao chetu cha kwanza na wakubwa wa serikali tuliingia na kero 17. Idadi naikumbuka sababu mimi ndo nilizichapisha, steshenari ya pale Dabo Rodi, karatasi nne, fotokopi 20, nikalipa kwa hela yangu na sijarudishiwa mpaka leo ila hilo tuliache. Wenye maroli walikuwa na zao, akina mama wa ndizi na zao, wenye gesti na zao, waongoza watalii na zao, mafundi seremala nao wakasema hatuwezi kwenda mikono mitupu wakaongeza ya umeme. Kila mtu akasimama akasema yake, wengine wakasema ya mwenzao kwa mara ya pili, kikao cha masaa mawili kikaenda masaa manne na mwisho tukaambiwa ile kauli mnayoijua wote, "tumepokea, tutayafanyia kazi". Tukapiga picha ya pamoja. Basi.

Mwaka uliofuata tulirudi na kitu kimoja tu, ushuru wa mzigo kulipwa mara mbili kwenye mageti, na kikatembea, sio chote lakini kikatembea. Mimi sio mtaalamu, nauza pembejeo Mbuyuni hapa Moshi na ukatibu nilitupiwa sababu nina mwandiko unaosomeka. Naandika kwa ajili ya yule mwenyekiti wa soko, katibu wa wenye noah, mama wa kikundi, ambaye kila semina anaambiwa "unganeni mtasikika" ila hamna anayemwambia barua inaandikwaje, inapelekwa dirisha gani na mwezi gani.

Msianze na watu, anzeni na barabara

Kosa la kwanza ni kualika wote. Unaona raha ukumbi umejaa, vyama kumi na tatu, kila mmoja na mhuri wake, kumbe umekusanya watu ambao kitu pekee wanachofanana ni kulalamika. Angalieni kwanza nani mnapita nao geti moja, au mnalipa dirisha moja, au mnaumizwa na shimo moja la barabara. Hao ndo wenzenu. Wengine waje baadae kwa hoja nyingine.

Na huku kwetu hili halihitaji mtu wa kuja kutufundisha hotelini. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha KNPA mwaka 1925, afu 1933 ikazaliwa KNCU, chama cha ushirika, na wale wazee hawakuungana kwa ajili ya "kuboresha mazingira ya biashara", waliungana kwa ajili ya kahawa. Masetla hawakutaka Mchagga alime kahawa, wazee wakataka walime na wauze wenyewe kwa bei ya maana. Kitu kimoja, kila mtu kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, anakielewa bila karatasi.

Sisi tulivyokaa chini tukajikuta vikundi vitano kati ya vyote vilivyokuja mara ya kwanza tunakutana sehemu moja tu: mageti ya ushuru kati ya Rombo na Arusha. Akina mama wa ndizi wanapitisha mzigo, wenye fuso wanaubeba, wauza mboga wa Kilombero Arusha wanaupokea, wenye migahawa wanaununua, na mimi na wenzangu wa pembejeo mkulima asipouza hanunui mbolea. Mafundi seremala tukawaambia kwa heshima kabisa, ndugu zetu, la kwenu ni la umeme, tutalibeba kivyake. Walinuna wiki mbili.

Halafu kuna swali la vyama vikubwa. Arusha kuna vyama vyenye misuli, TATO ya kampuni za utalii ipo tangu 1983, TAHA ya mbogamboga, matunda na maua tangu 2004, wana ofisi, wana watu wanaolipwa mshahara kazi yao ni hii hii ya kufuatilia sera. Mkiwapata waje, wanajua njia. Ila asishike mkubwa kalamu peke yake, sababu hoja ya mwenye lodge ya dola mia tatu kwa usiku na hoja ya mwenye gesti ya Majengo zinaanza pamoja zinaishia mbali. Sheria yetu ilikua chama kimoja kura moja, uwe na wanachama 400 au 12. Na usidhani mkubwa anashinda kila siku, VAT ya asilimia 18 ilivyoingizwa kwenye huduma za utalii Julai 2016 wenye kampuni za utalii walipiga kelele kweli kweli na VAT ikaingia vilevile.

TCCIA ya mkoa, ile chemba ya wafanyabiashara, msiiruke. Najua wapo wanaosema ni chama cha matajiri, sawa, lakini ipo tangu 1988, ina ofisi mikoani na Baraza la Biashara la Mkoa, pale serikali na wafanyabiashara wanapokaa pamoja, likikaa mara nyingi wao wako mezani. Ni rahisi hoja yenu kuingia kwenye ajenda kupitia mtu ambae kiti chake kipo tayari kuliko nyie kuanza kutafuta kiti.

Msikimbilie kusajili chama kipya

Hii ndo inaua miungano mingi. Watu wanakutana mara mbili wanachagua mwenyekiti, makamu, katibu, katibu mwenezi, mlezi, wanaanza kuchanga hela ya katiba na ya usajili, miezi nane inaisha wanagombea nani awe mweka hazina wakati geti liko palepale linakula. Vyama vyenu tayari vina usajili, vingine viko kwa Msajili wa Vyama wizara ya mambo ya ndani, vingine BRELA, wakala wa usajili wa biashara, vingine ni vikundi vya halmashauri. Inatosha kwa kuanzia. Mnachohitaji ni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema: tunasimamia hoja ipi, nani anaongea kwa niaba yetu, hela inakaa wapi na nani wawili wanasaini, tukitofautiana tunafanyaje, na muungano unaisha lini. Hilo la kuisha lini watu hulicheka ila ndo linatuliza roho za wenyeviti, kila mmoja anajua hajameza wala hajamezwa.

Barua inatoka kwenye karatasi yenye nembo ya chama kimoja, chini mihuri ya wote. Mihuri mitano chini ya barua moja, we acha, hata karani wa masjala anakaa vizuri kwenye kiti.

Sasa hapa kwenye kugeuza kero kuwa hoja

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kwingine harakisheni mkitaka ila hapa hapana.

Kero ni "ushuru unatuumiza". Ni kweli, na haina cha kufanya nayo mtu yeyote. Mkubwa anayeisikia anaitikia kwa kichwa. Hoja ina vitu vinne: nini hasa kinatokea na ushahidi uko wapi, sheria inasemaje, nani ana kalamu ya kukibadili, na mnataka aandike nini. Ukikosa kimoja kati ya hivyo umerudi kwenye kero.

Ushahidi ulitupa shida sana. Kila dereva anasema "tunalipishwa mara mbili" ukimuuliza risiti anasema zimepotea, zilimwagikiwa chai, alifungia karanga. Nikaenda kwa mama mmoja wa ndizi pale sokoni, mtu mzima, anapeleka mzigo Arusha tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekuja kununua au umekuja na mambo yenu ya vikao?"

"Ya vikao mama. Natafuta risiti za ushuru."

Akaniangalia kama mtu anayepima mkungu. Akainama chini ya meza akatoa boksi la biskuti, lile la bati, limejaa risiti zimekunjwa zimebanwa na mpira wa kufungia hela, kila fungu limewekewa kikaratasi cha mwezi kwa penseli. Za kule mzigo unakotoka kwa upande wake, za njiani kwa upande wake. "Marehemu mume wangu aliniambia serikali inaongea na karatasi," akasema, "sasa sijawahi kuona wa kuzisoma."

Tulikaa na lile boksi jioni tatu. Tukaweka risiti ya Rombo na risiti ya njiani zenye tarehe moja pamoja, gari moja, mzigo mmoja, tunabana na stepla. Zingine hazikuwa na maana, kweli alikua ameongeza mzigo njiani, hizo tukazitoa wenyewe kabla hajazitoa mtu mwingine. Zilizobaki hazikuwa nyingi kama madereva walivyosema, lakini zilikua hazina ubishi. Na fomu tukatengeneza, daftari la kaunta tu, mistari mitano: tarehe, namba ya gari, geti, kiasi, risiti ipo au haipo. Kila fuso likapewa. Wiki sita. Kama mnaanza leo anzeni na hilo daftari hata kabla ya kikao cha kwanza.

Sheria nayo msiogope, sio kitu cha mawakili peke yao. Ushuru wa mazao uko kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, unalipwa halmashauri ambako zao limezalishwa, kwahiyo mzigo uliolipiwa Rombo kupita Moshi vijijini, mjini, Hai, Meru mpaka Arusha haupaswi kulipa tena kwa kupita tu. Bajeti ya 2017 ndo iliushusha kutoka asilimia 5, ikawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na msafirishaji wa mzigo usiozidi tani moja toka halmashauri moja kwenda nyingine akaachiwa. Sheria ya Fedha inapitishwa upya kila Juni kwahiyo chukueni ya mwaka wenu, msibebe fotokopi ya zamani mkaumbuka mbele za watu. Afisa biashara wa halmashauri ukimuomba vizuri anakupa, wengi wao ni watu wazuri tu ila hatuwaendei mpaka tuwe na hasira.

Ukurasa wetu wa mwisho ulisomeka hivi, nimeufupisha:

"Mzigo wa ndizi uliolipiwa ushuru halmashauri ulikozalishwa unatozwa tena kwenye geti la njiani. Tumeambatanisha risiti za pande zote mbili kwa magari yaleyale na tarehe zilezile. Tunaomba Mkurugenzi atoe maelekezo ya maandishi kwa wakusanya ushuru kwamba gari lenye risiti ya halmashauri ya asili na lisiloongeza mzigo lipite bila malipo, ndani ya siku 30. Sisi kwa upande wetu kila gari litabeba risiti halisi, na halitapita geti usiku kukwepa."

Ile sentensi ya mwisho tuligombana nayo karibu tuvunjike. Mwenyekiti wa wenye fuso alisema hamuwezi kuandika kwamba tunakwepa. Mimi nikasema kaka yangu, wanajua. Tukaiacha. Na kikaoni swali la kwanza kabisa lilikua hilohilo, "na nyie mnaopita saa nane usiku?", mwenyekiti yuleyule akasimama akasema mheshimiwa liko mstari wa mwisho hapo, tumeahidi. Ukumbi ukapoa. Siku zote wekeni kwenye karatasi kitu mnachotoa nyie, sio mnachoomba tu.

Mlango gani

Nusu ya nguvu yetu huwa tunaimalizia kwa mtu asiye na kalamu. Mfano unaoudhi kuliko wote ni TRA. Watu wanamkalisha meneja wa TRA wa mkoa masaa matatu wakilalamikia kiwango cha kodi, yule anakusanya, hapangi. Kiwango kinatoka Wizara ya Fedha na kinapitishwa na bunge. Kwa meneja peleka ya makadirio, ya ukaguzi, ya lugha za watumishi, ya mashine ya risiti (EFD) inayosumbua, hayo ana uwezo nayo.

Ushuru wa soko, taka, vibanda, hiyo ni sheria ndogo ya halmashauri, inapitia madiwani na waziri wa TAMISEMI anaidhinisha. Kabla ya kutunga au kubadili lazima watangaze wananchi watoe maoni, lile tangazo huwa linabandikwa ubaoni hakuna anayesoma, mteueni mtu mmoja kazi yake ni kusoma mbao za matangazo basi. Sevisi levi, ule ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo, kiwango chake kiko kwenye sheria kuu kwahiyo diwani hawezi kuifuta ila namna inavyokadiriwa mnaweza mkakaa na halmashauri. Leseni ya biashara kundi A ni BRELA, kundi B ni halmashauri. Barabara ukikosea umepoteza miezi: barabara kuu na za mkoa TANROADS, za mtaani na za wilaya TARURA, ipo tangu 2017. Bei ya maji na umeme ni EWURA na wao kabla ya kupandisha wanafanya taftishi ya wazi, nendeni, huwa viti vitupu. Nauli ni LATRA. Viingilio vya hifadhi ni TANAPA, wizara ya maliasili, na Ngorongoro ina mamlaka yake.

Mambo yanayogusa mkoa mzima au taasisi tatu nne kwa pamoja ndo ya kupeleka Baraza la Biashara la Mkoa. Mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, na wilayani kuna la kwake chini ya DC, yote yanatokana na Baraza la Taifa la Biashara lililoanzishwa 2001. Mabaraza haya mengine yanakaa mengine yanalala, ila kiutaratibu yapo, kwahiyo barua ya kuomba likae ni halali kabisa na ikipigwa mhuri wa kupokelewa inakaa kwenye faili. Uzuri wake ni kwamba wote wako chumba kimoja, huyu hawezi kusema hilo ni la fulani wakati fulani kakaa pembeni yake.

Na hii ya taasisi nyingi kukagua duka moja sio ndoto kwamba haibadiliki. MKUMBI, ule mpango wa serikali wa kurekebisha udhibiti wa biashara, ulianza kutekelezwa Julai 2019, mwaka huohuo wa fedha tozo 54 zikafutwa na mambo ya chakula yakatoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda TBS, shirika la viwango. Iliyobeba yale sio kero ya mtu mmoja, ni orodha ilioonyesha nani anatoza nini na wapi wanarudia.

Sisi wa mipakani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) iko Arusha mlangoni kwetu, tuna bahati hatuitumii. Mwenye duka la Holili au Namanga mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili, unakipata hapohapo mpakani. Ukizuiwa kwa sababu isiyoeleweka hicho kinaitwa kikwazo kisicho cha kiforodha na kuna kamati ya kitaifa na utaratibu wa jumuiya wa kukiripoti. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki nalo makao yake ni hapahapa Arusha. Ila risiti, tarehe, jina la kituo, vilevile kama ndizi.

Mwezi gani

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukipeleka hoja ya kodi mwezi wa sita umechelewa, hotuba inasomwa katikati ya Juni na kila kitu kishapikwa. Halmashauri zinaanza kupanga bajeti kuanzia kama Novemba mpaka Februari, hapo ndo diwani wako bado ana masikio, baadae inapanda kwenye kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa ambako wabunge nao wanakaa, Aprili bunge la bajeti linaanza Dodoma. Kwahiyo daftari lenu lijae kufikia Oktoba. Wizara ya Fedha nayo huwa inatoa tangazo la kukaribisha maoni ya kodi kabla ya bajeti, linatoka magazetini, na kamati ya bunge ya bajeti inasikiliza wadau kwenye muswada. Mkiwa na ukurasa wenu tayari hata siku tatu zinatosha.

Kupeleka barua

Nakala mbili. Masjala wanabaki na moja, ya kwako inapigwa mhuri na tarehe. Usiondoke bila mhuri hata ukiambiwa aliyenao kaenda chai, kaa msubiri chai iishe. Ya mkoa inaenda kwa Katibu Tawala, ya halmashauri kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani, mbunge, DC. Baada ya wiki mbili anaenda mtu kuuliza kwa kutaja kumbukumbu namba, sio kwa kusema "ile barua yetu". Ukienda mara ya tatu mpaka mlinzi anakujua, na hiyo nayo ni hatua.

Kikaoni anaongea mmoja, dakika tano, wa pili anashika karatasi na kujibu maswali. Wengine wanakaa kimya. Ngumu kuliko zote hiyo. Tulifanya mazoezi jioni kwenye mgahawa wa mwanachama, mtu anajifanya mkubwa anauliza maswali mabaya. Mama wa ndizi tulimpeleka na boksi lake la bati, hakuongea neno, aliliweka tu mezani.

Hela, grupu na fitina

Hela ifahamike tangu siku ya kwanza. Sisi kila chama kilitoa sawa, hela ndogo ya nauli, chapa, chai. Posho hakuna. Ukianza kulipana posho za vikao, vikao vitakua vingi na hoja itakua moja ileile. Isikae kwenye simu ya mtu, hata awe mzee wa kanisa, fungueni akaunti ya watu wawili kusaini au itumike ya chama kimoja na taarifa ipigwe picha iwekwe kwenye grupu kila mwisho wa mwezi.

Grupu la WhatsApp wawe wawili wawili kila chama, wasizidi. La kwetu la kwanza lilikua na watu 180, asubuhi njema, maua, mahubiri, mtu anauza kuku, taarifa ya kikao ikazama katikati ya kuku.

Mtatofautiana na hilo sio baya. Wenye maduka wanataka machinga watoke barazani na machinga nao ni chama kilichoko mezani kwenu, msijaribu kulimaliza hilo ndani ya muungano, wekeni pembeni, semeni wazi kwamba muungano hauna msimamo hapo na kila chama kiko huru. Siasa vilevile, msikae kikao nyumbani kwa mgombea hata akichinja mbuzi. Na jambo moja watu hawalijui, mkishakaa wafanyabiashara wa kitu kimoja msianze kupanga bei pamoja, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza, FCC, tume ya ushindani, wakija mtaacha hoja ya geti mkajibu ya kwenu.

Mtu atasema tufunge maduka. Kariakoo walifunga Mei 2023 wakafunga tena Juni 2024 na ni kweli walisikika mpaka waziri mkuu. Kariakoo ni Kariakoo bana. Huku kwetu mwenye vipuri akifunga siku tatu vipuri vipo, mama wa ndizi akifunga siku tatu ndizi zimeiva, zimeoza, mtaji umeenda. Mimi niliipinga na bado naipinga mpaka barua, kikao na ukumbusho viwe vimeshindwa kabisa, na hata hapo muulizeni kwanza yule ambae mzigo wake haungoji.

Mkishapata

Maelekezo ya maandishi tuliyapata, yalichukua siku 71 badala ya 30. Sio kila kitu, geti lenyewe lipo, na wakati wa msimu wakija vijana wapya wa kukusanya wanajaribu tena. Ndo maana kikao cha mwisho tulikubaliana mambo mawili tu. Barua ya shukrani iende, tena haraka, na nakala ionekane kwa wote waliokuwepo, sababu mwakani tunawarudia na ya barabara. Na maelekezo yale tuyapige fotokopi, yawekwe kwenye plastiki, yabandikwe ndani ya kila fuso upande wa dereva, ili kijana wa geti akianza dereva asibishane, aonyeshe kidole tu.

Fotokopi zilikua 60, steshenari ileile ya Dabo Rodi. Safari hii nililipiwa.